Mapato ya Usingizi wa Bi Mwajabu

Usiku wa kuamkia leo niliota Kiwango Kipya cha uhasibu kimekuja ofisini kwetu kwa miguu.

Nilikuwa mezani kwangu, saa nne asubuhi, katika chumba cha uhasibu cha kiwanda cha magodoro ninakofanya kazi hapa Tanga. Mlango uligongwa mara tano. Nikaitikia, na likaingia rundo la karatasi lenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu, limebanwa ubavuni kwa waya, lina miguu miwili myembamba na kandambili za bluu.

Kikaniamkia shikamoo. Niliipokea bila wasiwasi, maana kilianza kutumika Januari na mimi nina miaka thelathini na tisa.

"Wewe ndiye Eliapenda Mshana?" kikauliza.

Nikakubali.

"Mimi nimeshaanza kutumika," kikasema. "Nyinyi mmeanza lini?"

Nikakiambia ukweli kwamba bado. Jambo hilo halikuwa la ndotoni. Kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikibeba faili moja kati ya ofisi yangu na ya mkurugenzi wetu, Bwana Hemedi Kilua. Tangu kiwanda kijengwe, sisi tumekuwa tukiandika mauzo siku lori linapotoka getini. Lori likishavuka geti, pesa yote ya godoro inahesabiwa kuwa mapato yetu, basi. Kiwango kipya kinakataa. Kinataka tutazame kwanza tumemwahidi nini mteja, halafu tuandike mapato kadiri tunavyotimiza. Bwana Hemedi hulisoma faili langu, hulifunga taratibu, huniambia, Penda, hebu liache kwanza. Na leo, Ijumaa, bodi inakaa kupitisha hesabu za mwaka.

Kiwango hakikukasirika. Kiliomba chai isiyo na sukari, kikaimimina yote kwenye ukurasa wake wa mwisho, ukurasa ukanyonya. Kisha kikaniagiza nichomoe risiti moja kabatini, yoyote ile. Hiyo ndiyo itakuwa sampuli. Itakavyoamuliwa hiyo, ndivyo yatakavyoamuliwa magodoro yote tuliyowahi kuuza.

Nikafumba macho nikachomoa. Risiti namba 4417, godoro la futi tano kwa sita, inchi nane, shilingi laki nne na elfu sabini na tatu. Mnunuzi alikuwa Salimu Shemboza wa Makorora. Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita.

"Hatua zenu ziko wapi?" Kiwango kikauliza.

Nikauliza hatua zipi. Kikasema hatua tano, kila kampuni imepewa. Tukazitafuta chini ya meza na nyuma ya feni, mwishowe tukazikuta nyuma ya kabati. Zilikuwa ngazi ya mbao yenye vidato vitano, imepakwa rangi ya kijani kama vitanda vya shule za bweni, inapanda mpaka darini. Nimekaa chumba kile miaka kumi na moja. Kabati lile nimelisukuma mara nyingi nikitafuta kalamu.

Kidato cha kwanza kilikuwa cha mkataba. Niliambiwa nishike risiti kwa mikono miwili, nikapanda, mbao haikulia.

Nilipokanyaga cha pili tulikuwa nje, uwanjani, chini ya bango la kampuni. Bango hilo lipo kweli. Lina picha ya mtu amelala huku anatabasamu, na chini yake yako maneno ambayo Bwana Hemedi aliyatunga mwenyewe: MIAKA KUMI YA USINGIZI, TUNAKUDHAMINI.

Mtu wa kwenye bango anafumbua jicho moja. Anauliza kama zamu yake imekwisha. Kiwango kinamwambia aendelee kulala, naye analala.

Naulizwa ahadi ziko ngapi. Najibu iko moja, godoro. Kiwango kinafunua ukurasa na kunionyesha kwa kidole ambacho sikujua kama kinacho. Mara kutoka kwenye bango wanateremka wanawake wawili walioshona sare moja, wameshikana mikono. Wa kwanza ni mnene, ananukia sponji mpya. Wa pili ni mwembamba na mrefu, mrefu kupita kiasi, yaani amefika chini kwa kichwa na mabega, lakini miguu yake bado inateremka.

"Huyu mnene ni godoro," Kiwango kinasema. "Huyu mwingine ni usingizi. Ana urefu wa miaka kumi, tusimsubiri miguu."

Kinaniambia niwaulize kama mteja anaweza kufaidika na mmoja bila mwingine. Nawauliza. Mnene anajibu kwamba watu wengi wana godoro na wanakesha. Mwembamba anajibu kwamba watu wengi wana mkeka na wanalala fofofo. Basi Kiwango kinatamka kwamba hizo ni ahadi mbili tofauti na waachiane mikono. Wakaachiana. Mnene alilia kidogo, maana walikuwa wakiandikwa kwenye mstari mmoja wa risiti tangu kiwanda kianze.

Kidato cha tatu kilikuwa cha bei na hakikutuchukua muda, kwa kuwa bei ilikuwa imeandikwa.

Cha nne kilikuwa meza ya kukatia sponji. Aliyesimama pale ni Bi Stumai, mama mmoja wa makamo ambaye anashona na kukagua kingo za magodoro yetu tangu kabla sijaajiriwa. Mbele yake bei ilikuwa imelala mezani, donge la sponji ya manjano lenye thamani ya laki nne na sabini na tatu elfu. Bi Stumai akalipima kwa macho, akavuta waya, akalikata vipande viwili. Kikubwa kilikuwa laki nne, hicho cha godoro. Kidogo kilikuwa elfu sabini na tatu, hicho cha usingizi. Kisha akakikata kile kidogo kama mtu anayekata maandazi, vipande elfu tatu mia sita na hamsini, kimoja kwa kila usiku wa miaka kumi. Kiwango kilisema zile siku za mwaka mrefu tuzisamehe.

Kila usiku ukatoka na shilingi ishirini.

"Usingizi wa mtu usiku kucha ni shilingi ishirini," Bi Stumai akasema. Hakuwa analalamika. Alikuwa anapima kama kipande kimenyooka.

Halafu akaniuliza, akipunguza sauti, kama mwaka huu bonasi ipo. Bonasi kwetu hutolewa kampuni ikipata faida, na kwenye sherehe ya kufunga mwaka Bwana Hemedi aliiahidi mbele ya wafanyakazi wote arobaini na sita. Bi Stumai ana chumba kimoja alichokijenga Mabawa, kimefika kwenye bati kikasimama. Nilimjibu kwamba itategemea kidato kilichobaki. Hela yote ya usingizi tukiiandika leo, faida ipo. Tukiandika ile tu iliyotimizwa, huenda isiwepo. Alifikiri kidogo, akafuta mikono, akachukua wembe wake wa kufumulia nyuzi, akaufunga kwenye pindo la kanga na kusema kwamba basi atakuja na sisi.

Kidato cha tano kikatufikisha darini, na dari ikafunguka sakafuni kwa mtu.

Ni chumba kimoja Makorora, saa sita mchana. Dirisha liko wazi, jua limelala sakafuni. Kuna kitanda, kabati la nguo, na mama mmoja amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele. Hashtuki kutuona tukitokea chini ya ungo wake.

Ndiye Bi Mwajabu, mjane wa Salimu Shemboza. Alituambia tupite, tusijali viatu. Kiwango kilivua kandambili zake hata hivyo. Tukapewa kahawa na kashata. Niliposema natoka kiwandani, nimekuja kuhakiki usingizi, hakuona ajabu. Alisema amekuwa akingoja mtu wa kiwandani kwa muda.

Akatusimulia. Mumewe alikuwa fundi wa reli, na kwa miaka thelathini walilalia godoro lililokuwa limebonyea katikati kama sahani. Alipopata kiinua mgongo, kitu cha kwanza alichonunua ni lile letu. Alilipia Jumatatu. Alhamisi akaanguka akiwa anavaa shati, akafa. Jumamosi lori letu likaleta godoro, watu wakiwa bado wamekaa msibani, likabidi lisimamishwe ukutani mpaka arobaini ipite.

Niliitazama risiti mkononi mwangu. Mauzo yale sisi tuliyaandika siku lori lilipotoka getini. Nakumbuka mwezi ule. Tulifurahi, tulivuka lengo.

Nilimpa pole. Nilijua ni pole ya miaka mitatu nyuma, lakini aliipokea kama ya leo.

Kiwango kikakohoa na kusema kwamba kidato cha tano ni cha kutambua mapato, na ili kuyatambua ni lazima uyaone uso kwa uso. Kikafungua mlango wa nje.

Usiku wote uliopita tangu godoro lifike ulikuwa umejipanga kwenye uchochoro, mmoja mmoja, kama watu kwenye gwaride la utambulisho polisi. Walikuwa elfu moja na tisini na tano. Walianzia mlangoni kwa Bi Mwajabu, wakakata kona kwenye genge la nyanya, wakaendelea mpaka relini. Wote wamevaa nguo nyeusi na wanafinya macho kwa ajili ya jua, kwa kuwa hawakulizoea. Watu wa mtaani wanapita na ndoo zao, wanawaomba njia, nao wanapisha.

Nikaambiwa nipite nikiwagusa bega wale waliolalwa.

Si kazi ngumu. Usiku aliyelalwa unamjua, ana uso uliotulia, nguo yake imekunjika vizuri. Asiyelalwa ana macho mekundu. Nikapita, Bi Stumai nyuma yangu anahesabu kwa midomo. Kumi. Sitini. Mia na tatu. Nilipofika relini nilikuwa nimegusa mia mbili na kumi na mbili. Mia nane themanini na tatu walikuwa na macho mekundu.

Mia mbili na kumi na mbili mara ishirini ni shilingi elfu nne mia mbili na arobaini. Nilipiga hesabu mara mbili kichwani. Nikashika reli. Kama godoro hili ndiyo sampuli, basi kampuni nzima mwaka huu haina faida, ina hasara, na mtu wa kwenda kuisoma mbele ya bodi ni mimi.

Usiku mmoja wa mwisho kwenye mstari akanisogelea. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya wote.

"Tuandike tu, dada," akasema kwa upole. "Sisi tumeshapita. Ukisema tulilalwa, hatutakataa."

Nakiri kwamba niliinua mkono. Nilikuwa nafikiria bati la Bi Stumai, na Bwana Hemedi atakavyonitazama, na mkataba wangu wa kazi unaomalizika Juni. Vidole vyangu vilikuwa karibu kabisa na bega lake. Basi nikamuuliza, kwa kuwa mhasibu huuliza, kwenye usiku wake kulitokea nini.

Akajibu kwamba hakuna kilichotokea. Bi Mwajabu alikaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka adhana ya alfajiri, mkono wake umekaa juu ya ule upande mwingine, hausukumi wala hauvuti.

Nikaushusha mkono. Nikamwomba radhi. Akasema haina neno, akarudi kwenye mstari.

Tuliporudi chumbani Kiwango kilitaka kuona godoro lenyewe. Bi Mwajabu akaondoa shuka. Upande wa kulia, ukutani, ulikuwa umebonyea kidogo kwa umbo la mtu mmoja mwembamba. Upande wa kushoto ulikuwa bado umefunikwa na nailoni ya kiwandani, imebandikwa vizuri, inang'aa.

"Mimi ni mgonjwa," Godoro likasema. Sauti yake ilitoka chini, imebanwa. "Upande mmoja nina miaka mitatu. Upande wa pili nina siku moja. Sijui niseme nina umri gani."

Nikalijibu kwamba nimesikia.

Bi Mwajabu alieleza kwamba upande wa nailoni ni wa Salimu. Ndiye aliyelipia. Kuuvua bila yeye kuwepo anaona kama kufungua barua ya mtu. Kiwango kikajifunua chenyewe kwa haraka, kurasa zikapuliza mchele kwenye ungo, kikasimama kwenye aya moja na kusoma kwamba ahadi inahesabiwa imetimizwa pale mteja anapokuwa na mamlaka juu ya kitu. Kikamtazama Bi Mwajabu na kumuuliza kama ana mamlaka juu ya upande ule.

"Sijawahi kuweka hata ushungi wangu," akasema.

Kiwango kikaandika jambo kwenye pambizo yake.

Hapo kabati la nguo likafunguka na Bwana Hemedi akatoka kati ya kanga zilizotundikwa, amevaa suti yake ya bodi. Nyuma yake wakafuata wafanyakazi wa kiwanda, mmoja mmoja, kila mmoja amekumbatia mto. Sijui chumba kiliwaeneaje, lakini walienea. Walisimama wakitutazama. Wapo wa mashine ya kuchanganya, wapo wa stoo, dereva wa lori, mlinzi wa getini na kengele yake.

Bwana Hemedi hakunigombeza. Alimwamkia Bi Mwajabu kwa heshima, akampa pole, akanisogelea. Alionekana mtu aliyechoka.

"Penda," akasema, "andika zote elfu sabini na tatu. Watu hawa nimewaahidi."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Nimefanya kazi chini ya Bwana Hemedi miaka kumi na moja, alinichangia mahari ya kaka yangu, alikuja kwenye msiba wa baba mpaka Same. Sijawahi kumwambia hapana kwa sauti ya kusikika.

"Huyu mama hajalala, Bwana Hemedi," nikasema.

Mlinzi alishika ulimi wa kengele usilie.

Bwana Hemedi alimtazama Bi Mwajabu, akatazama nailoni, akajitafutia nafasi sakafuni akakaa, na suti yake. Akavua viatu. Akasema, bila kumwambia mtu hasa, kwamba maneno ya bango aliyaandika wiki ambayo mtoto wake wa kwanza alizaliwa na ugonjwa wa pumu. Alikuwa hajalala siku kumi na nne. Hakuwa akifikiria mteja. Aliandika kitu ambacho yeye mwenyewe alikitamani kuliko kitu chochote.

Kiwango kilimsikiliza hadi mwisho. Kisha kikasema, na nakumbuka sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kwamba kiliona watu wengi wanakiogopa kwa sababu wanadhani kimekuja kunyang'anya. Hela ya usiku ambao haujalalwa haijapotea. Inangoja. Itakuwa yao siku watakapotimiza walichosema.

"Basi tutimize," Bi Stumai akasema. "Maneno tumeandika sisi."

Akafungua pindo la kanga akatoa wembe wa kufumulia nyuzi. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamuuliza Bi Mwajabu kama anamruhusu. Akamwambia pia kwamba godoro lile alilishona yeye, kingo zote nne, na kwamba hakumbuki siku yenyewe lakini anaijua mishono yake.

Bi Mwajabu alisimama. Aliuweka ungo chini. Aliufuata upande wa nailoni kwa macho, kutoka kichwani hadi miguuni, kama anayemkagua mtu anayesafiri. Kisha akasema sawa, lakini yeye hatakuwa wa kwanza kulala pale. Alale mtu mwingine kwanza. Yeye atajua afanye nini akishaona mtu amelala.

Bi Stumai akachana. Nailoni ikatoka kwa sauti ndefu, kama mvua inayopita juu ya bati bila kusimama. Chini yake sponji ilikuwa mpya kabisa, na harufu ya kiwanda ikajaa chumba.

Kila mtu akamtazama mwenzake. Dereva akasema ana matope. Mlinzi akasema yuko zamu. Bwana Hemedi akaniangalia mimi.

"Wewe ndiye mhakiki," akasema.

Nikavua viatu nikapanda. Bi Mwajabu alinitengenezea shuka begani kama vile ananifahamu. Nililala ubavu, nimetazama dirishani, mikono nje. Nilikuwa na aibu, watu arobaini na kitu wamesimama wanakutazama. Godoro likavuta pumzi chini yangu.

"Afadhali," likasema.

Nikasikia kitanda kinazama kwa upande wa pili. Bi Mwajabu alikuwa amejilaza mahali pake. Akaniuliza, akiwa amenipa mgongo, nyumbani kwetu ni wapi. Nikamwambia Same, milimani. Akauliza huko usiku kuna baridi. Nikasema ipo, mwezi wa saba. Akasema Salimu alipenda baridi, kila mara alikuwa anafungua dirisha na yeye anafunga, miaka thelathini, mmoja anafungua na mwingine anafunga. Kisha akanyamaza. Nilidhani anafikiri. Baadaye kidogo nikasikia pumzi yake imebadilika, imekuwa ndefu.

Mfanyakazi mmoja akanong'ona kwamba ni mchana, sasa itahesabiwa vipi. Kiwango kikapekua, kikatafuta, kikajibu kwa kunong'ona pia kwamba hakuna aya inayosema usiku lazima uwe na giza.

Kupitia dirishani nikaona mtu mpya anakuja kujiunga na mstari kule nje, amevaa nyeupe, hana macho mekundu. Wenzake wakampisha.

Bwana Hemedi aliegemea kabati, mdomo wazi, amelala na tai yake. Wafanyakazi walianza kuweka mito yao sakafuni. Bi Stumai alikuwa bado amepiga magoti, anaikunja ile nailoni mara mbili, mara nne, kwa uangalifu, ili isipige kelele. Mimi nikafumba macho kwa kusudi la kuhakiki tu.

Nikaamka saa kumi na mbili na robo, chumbani kwangu, Chumbageni. Jogoo wa jirani alikuwa ameshamaliza. Kwa muda nilibaki nimelala ubavu, mikono nje, nikisikiliza kama kuna mtu anapumua upande wa pili. Nimelala peke yangu maisha yangu yote ya kazi, na sijawahi kusikiliza hivyo.

Kisha nikawasha kompyuta. Taarifa ya bodi ilikuwa pale nilipoiacha, ikiwa na faida aliyoitaka Bwana Hemedi. Nikaifuta. Nikatenganisha bei ya magodoro na dhamana ya miaka kumi, nikaipeleka dhamana kwenye ahadi ambazo hazijatimizwa, nikaandika hasara kwa tarakimu na kwa maneno. Chini yake nikaongeza pendekezo ambalo hakuna aliyenituma: kampuni ianze kuwatembelea wateja wake, ianze na wa zamani, iwaulize wanalalaje, na bonasi ilipwe kutokana na dhamana zitakazokuwa zimetimizwa. Nilimtumia Bwana Hemedi saa moja kasoro tano.

Saa moja kamili akanipigia. Hakusema habari za asubuhi. Aliniuliza hilo pendekezo nimelitoa wapi. Nikamjibu kwamba limetoka kwenye kiwango. Nikasikia kijiko kinagonga kikombe. Akasema tukutane saa tatu, nije na nakala za kutosha watu wote, na kwamba leo, sijui kwa nini, ameamka shingo inamuuma kama mtu aliyelala amekaa.

Nikaenda kuoga. Nilipokuwa napaka mafuta nikahisi kitu kimenasa nyuma ya kiwiko cha mkono wa kushoto. Nikakibandua. Ni kibandiko cha karatasi nyeupe, kidogo kama stempu, gundi yake bado ina nguvu, kimechapwa namba za godoro la futi tano kwa sita, inchi nane. Chini kuna tarehe ya kukaguliwa, ya miaka mitatu iliyopita, na herufi moja ya mkaguzi iliyoandikwa kwa kalamu, S.

Vibandiko hivyo huwekwa ndani ya nailoni kabla godoro halijatoka kiwandani, na mteja huvitupa siku ya kwanza anapolifungua.

Nilirudi chumbani nikainua shuka, nikakagua kitanda chote kwa mkono, nikatazama hadi uvunguni. Kazini sijawahi kumwambia mtu, lakini godoro la kiwanda chetu sijawahi kununua. Mimi hulalia la sufi, alilonishonea mama.